Wimbo wa Kwao Kekeo

Ilikuwako shule ya ndege, na kila Siku ya Asili mwanafunzi huimba wimbo wa kwao. Zamu ya Kekeo ikafika. Wimbo wa kekeo wenzake hakuujua, maana kekeo hutaga katika viota vya ndege wengine, naye alilelewa na Chozi, ndege mdogo kama kidole gumba. Basi akaimba wa Chozi.

“Wa kuazima huo!” akadakia Kunguru, asiyejua kunyamaza. “Imba wa kwenu!”

Kekeo akainamisha kichwa. Mara Chozi akaruka kutoka walipokaa wazazi, akatua ubavuni pake, akauimba wimbo wa kekeo mwanzo hadi mwisho, sauti yake nyembamba ikikwaruza.

“Mama! Umeujulia wapi?”

“Nilijifunza ungali yai, mwanangu. Nilijua iko siku utaulizwa kwenu ni wapi.”