Alama Moja Iliyovunjika

"Bado haijakubali?" mzee aliuliza, hata hajakaa vizuri kwenye benchi.

"Bado, mzee wangu. Lakini leo nina kitu kipya."

Kila asubuhi duka lilipofunguliwa, yeye alikuwapo: koti limefungwa vifungo mpaka shingoni, kalamu nyekundu mfukoni, simu ya marehemu mkewe mkononi. Waya, fundi wa redio aliyekodi meza ya pili, alizoea kutania kwamba mteja huyu huwahi kuliko kufuli. Siku hizi utani ulikuwa umemwisha.

Fundi mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo mwenye beji ya alizeti kwenye koti lake la kazi. Aliokoa maandishi kutoka kwenye simu zilizokufa, zile zilizotumbukia chooni au zilizofuliwa pamoja na suruali. Simu haihifadhi herufi, aliwaeleza wateja. Huhifadhi namba, na Unicode ndiyo sheria inayosema namba zipi ni za herufi gani na zifuatane vipi. Herufi ya kawaida hutosheka na namba moja. Vipicha vya nyuso na maua ambavyo watu huchomeka kwenye ujumbe hudai nne, na ikipotea moja tu, tatu zilizobaki si kitu. Kikaguzi, programu aliyoiandika mwenyewe, husoma mstari mzima na kutoa hukumu: halali, au si halali.

Ujumbe wa mwisho wa mke wa mzee ulikuwa umeokoka karibu wote. Fundi aliweza kuusema akiwa amefumba macho.

"Mume wangu, nikitangulia usikae peke yako. Mfuate □. Atakupikia, atakufungia vifungo, na hata ukimfukuza hatakwenda popote."

Marehemu hakuwa na desturi ya kuandika majina. Kila aliyempenda alimpa kipicha chake, na mahali pa kipicha hicho pamebaki kisanduku kitupu. Mzee alikuwa amevisahau vyote. Alichojua ni kwamba kuna mtu anamngoja, na yeye mwenyewe hajamfikia.

"Pengine amesimama mahali," alisema asubuhi hiyo. "Ananitazamia sifiki. Sijui ananiona mtu wa namna gani."

Fundi alijifanya anatafuta bisibisi.

"Namba tatu za kwanza zipo," akasema. "Zinaonyesha ni kitu cha angani au cha bustanini. Inaweza kuwa mwezi, mvua, mche. Mimi nadhani ni alizeti."

"Unadhani, au unajua?"

"Namba haisemi. Nadhani."

"Basi bado." Mzee aligusa kalamu yake nyekundu. Alikuwa msahihishaji wa gazeti karibu maisha yake yote, na akili iliyomnyang'anya mengine ilimwachia hili. "Kilichofutika hakikisiwi, fundi. Ukianza kukisia, unamtia marehemu maneno mdomoni."

Fundi naye alilelewa hivyohivyo, na kikaguzi chake hakikujua kukisia.

Waya alimsogelea, akashusha sauti. "Si ukichomeke tu hicho kipicha? Ni namba moja. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Basi mwambie kwa mdomo, yaishe."

"Nimemwambia mara ngapi, Waya? Ananiita tapeli. Halafu anasahau, tunaanza upya."

Kitu kipya chenyewe kilikuwa kadi ndogo ya kumbukumbu, iliyopatikana nyuma ya kabati la marehemu. Ndani yake mlikuwa na nakala nyingine ya jumbe zake. Fundi aliipangusa kadi kwa pindo la koti, akaichomeka, akakiamuru kikaguzi kianze. Mistari ikapita. Orodha ya sokoni, halali. Pole kwa jirani, halali. Mzee alisimama nyuma yake, mkono begani kwake, na fundi alijikuta anaomba kimoyomoyo apewe hiyo namba moja tu, hataomba kingine.

Mstari wa mwisho ukafika.

Si halali.

Ni palepale, kisanduku kilekile. Kadi nayo ilikuwa imenakili ujumbe baada ya simu kuharibika, na nakala ya tatu haikuwapo popote duniani. Fundi alikaa akiitazama skrini hadi maandishi yakamchanganyikia. Alilia waziwazi, mbele ya wateja, na Waya akawahi kuwahudumia badala yake.

Jioni mzee aliinuka kwenye benchi.

"Imekataa?"

"Imekataa."

"Usilie kwa mambo ya watu, fundi. Umehangaika vya kutosha." Akamtazama, akatafuta neno zuri la kumpoza. "Beji yako nzuri. Umeinunua wapi?"

"Nilipewa na mama."

"Yupo?"

"Alifariki."

"Pole. Na baba?"

"Baba yupo."

"Msalimie sana. Mwambie amezaa mtu."

Fundi alizima mashine, akashusha mlango wa bati. Kisha akainama mbele ya mzee na kumfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka shingoni.

"Salamu zimefika, Baba," alisema, akamshika mkono, wakaenda nyumbani kwao.