Kikombe cha Kwanza

Jua lilipofika utosini, Nestori alikuwa ameshapita nyumba nne kwa miguu, akipandisha kilima katikati ya mizabibu, na kila nyumba ilimwita aonje mvinyo. Watu wakarimu hawa! Kila pipa lililofunguliwa siku hiyo, kikombe cha kwanza kilikuwa chake.

Kwenye nyumba ya tano Mama Chilewa alimpokea kwa mikono miwili, akamketisha kwenye kigoda, akamjazia kikombe cha bati. Nestori akanywa chote. Mtamu, na uchungu kidogo mwishoni.

"Na nyinyi je, mama? Mbona hamnywi?"

"Tutakunywa, baba. Kivuli cha nguzo kikifika pale mlangoni."

"Mnasubiri nini?"

Mama Chilewa alishangaa kuulizwa. "Kwani huko chini hawakukwambia? Zamani pipa moja liliua watu sita wa nyumba hii, mkwe wangu akiwemo. Tangu hapo, bonde zima, mwenye nyumba haanzi. Anaanza mpita njia."

Alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mtu kisimani.

Nestori akaweka kikombe chini. Alijaribu kukumbuka ni nani aliyekunywa pamoja naye tangu asubuhi, asimpate hata mmoja. Akageuka kutazama alikotoka. Mbele ya nyumba zote nne watu walikuwa wamesimama, vikombe mkononi, wakimtazama yeye.

Kwikwi ikamshika, mabega yakaruka.

Bonde zima likashusha vikombe chini, bado vimejaa.