Kikombe cha Uchochoroni

Jogoo wa jirani alimpita Mulwa. Mulwa alikuwa juu ya baiskeli, jogoo alikuwa kwa miguu, na wala hakuwa na haraka.

Wangeci, mkewe, aliyaona hayo akiwa mlangoni na beseni la nguo. Kesho ndiyo ilikuwa sikukuu ya shule, na huyu ndiye bingwa aliyemsifia kwa baba yake.

"Baba Kioko, hayo ndiyo mazoezi?"

"Mwenda pole hajikwai," Mulwa akajibu, macho mbele, usukani ukimtetemeka mikononi.

Jibu hilo alikuwa nalo kwa kila jambo. Ukimwambia maji ya bomba yanakatika, mwenda pole hajikwai. Ukimwambia chai inapoa, vilevile. Ndiyo maana Mzee Irungu, babake Wangeci, hakuwahi kumkubali. Kwamba kijana ni Mkamba, hilo alikwisha kulimeza. Kwamba kijana ni mzito, hilo lilimkwama kooni. Kila alipokuja Makadara kumwona binti yake alisimama mlangoni, akakataa kiti, akakataa chai, akarudi zake Murang'a. Mzazi kukataa chai ya mwanawe si jambo dogo, na lilimuuma Wangeci kuliko alivyoweza kusema.

Kisha akasikia habari za kikombe. Shule ya Tumaini Jema ilikuwa inatimiza miaka ishirini. Mwalimu Nthoki aliianzisha kule Majengo katika vyumba vya kupanga, na kiwanja chake cha michezo kilikuwa uchochoro uliopita kati ya nyumba. Sasa, mwaka wa themanini na nne, ilikuwa na uwanja wake upande wa Donholm, sare za kuringia, na karo ya kumtoa mzazi jasho. Ili kuwaenzi waanzilishi, shindano la kwanza kabisa la shule lingerudiwa na wanafunzi walewale wa kwanza. Lilikuwa shindano la baiskeli, na bingwa wake alikuwa Mulwa.

"Mbona hukuniambia?" Wangeci alimuuliza.

"Si hukuuliza, Mama Kioko? Siku hiyo wenzangu walikuwa mbali nami kabisa."

Wangeci hakungoja kusikia zaidi. Alifunga safari hadi kwa baba yake, naye mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Huyo? Bingwa wa baiskeli? Basi nitakuja. Nikimwona kwa macho yangu akipewa kikombe, nitaingia kwenu, nivue koti, ninywe chai. Asipopewa, usiniite tena."

Jumamosi ikafika. Mzee Irungu aliketi mstari wa mbele, kofia magotini, uso wa mtu aliyekuja kununua mbuzi asiyemwamini. Uwanjani wanafunzi wa zamani walikuwa wameshika baiskeli zao, wengi wakiwa na vitambi ambavyo Majengo haikuwapa. Mmoja tu alionekana mwanamichezo: Gachanja, msambazaji wa maziwa, mwenye mapaja kama magogo.

"Niaje, bingwa!" Gachanja akamwita Mulwa. "Leo hicho kikombe ni changu."

Mulwa akatabasamu, akaendelea kubana breki. Breki, jamani! Hata tairi hakuwa amezijaza upepo vizuri. Wangeci akaangalia pembeni.

Mwalimu Nthoki, mzee sasa na mwenye kutembelea mkongojo, akashika kipaza sauti. "Watoto wangu, sheria ni zilezile za uchochoroni." Wanafunzi wake wa kale wakaangua kicheko. Njia zilikuwa zimechorwa kwa chokaa, nyembamba, na fupi kama safari ya kwenda bombani. Filimbi ikalia.

Wakaanza kwa kujikokota wote. Umri huo, Wangeci akawaza, na vitambi hivyo.

"Kanyaga, Baba Kioko!" akapiga kelele. "Kanyaga!"

"Nyamaza, mama," mwanamke aliyeketi kando yake akamnong'oneza kwa ukali. "Utamharibia."

Mmoja akaanguka. Mwingine akapinda, akavuka chokaa, akatolewa. Mwishowe wakabaki wawili. Gachanja akayumba, akakanyaga pedali kwa nguvu, baiskeli ikachomoka. Akavuka mstari akiwa peke yake, akashuka, akaipiga tairi teke. Hakuna aliyempigia makofi. Mulwa alikuwa bado katikati ya njia, jasho likimtiririka, anacheza na usukani kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Wangeci akajifunika uso kwa leso. Aliona aibu, tena akamhurumia mumewe, na huruma ndiyo iliyomliza. Akasikia kiti cha baba yake kikisogea.

"Nimeona, mwanangu," Mzee Irungu akasema, akivaa kofia. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Haya, nisindikize nikatafute gari la kurudi nyumbani."

Nyuma yao uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mulwa alikuwa amefika. Wangeci hakugeuka. Wanamcheka, akawaza, watu wa Nairobi hawana utu hata kidogo. Akamshika baba yake mkono, wakapita katikati ya watu waliokuwa wakirukaruka, mpaka langoni.

Hapo kipaza sauti kikakwaruza.

"Gachanja, pole sana, mwanangu," ilisema sauti ya Mwalimu Nthoki. "Umefika wa kwanza tena. Mulwa, wewe uliyefika wa mwisho bila mguu kugusa chini, njoo uchukue kikombe chako."