Upanga Uliooshwa

Siku ile mjinga alikuwa Badi, wala hakuna wa kumsingizia. Mgeni anayenunua silaha za kale alikuwa ameuona upanga wa babu yake ukutani, akaahidi bei ya kuwatoa Badi na mkewe ukumbini kwa mama mkwe, wakajenge kwao. Kesho yake angerudi kuuchukua.

Badi akaona haya. Mgeni hapewi kitu kichafu. Akaketi uani na majivu na ndimu, akasugua. Chuma kilikuwa na rangi ya moshi, na ndani ya moshi ule mlikuwa na mawimbi membamba aliyoyafua fundi wa zamani, kama maji yaliyolala usingizi. Kadiri alivyosugua, mawimbi yalififia moja moja kama watu wanaoaga, mpaka upanga ukawa mweupe kama mbingu ya alfajiri.

"Mume wangu, sasa hata ndevu utanyolea," alicheka mkewe, Mwanatumu.

Mgeni alipofika aliushika upanga, akautazama kitambo kirefu, kisha akaurudisha mkekani taratibu kama anayelaza mtoto.

"Siuchukui."

"Una ila gani, bwana? Si unajiona uso humo!"

"Najiona mimi. Nilitaka kumwona aliyeufua."

"Lakini chuma ni kile kile!"

"Chuma kwetu kimejaa, ndugu yangu," mgeni alisema, akivaa viatu. "Mimi nilikuja kununua miaka, nawe umeimwaga uani pamoja na maji ya ndimu."