Miti ya Orrin

Marlys alimtoa samoni aliyekufa ndani ya ndoo, akamtupa kijitoni, kisha akatazama nyuma kama mwizi wa kuku.

Samoni hupanda kutoka baharini kuja kutaga vijitoni, na akishataga hufa. Mzoga mmoja tu ungetosha kuonyesha kwamba wamerudi.

Mumewe, Orrin, alipanda mierebi kando ya Kijito cha Tansy miaka nenda miaka rudi, ili kivuli kipoze maji na samaki waliotoweka warejee. Majirani walimcheka. Kamati ya wakazi ikaazimia: Novemba ikifika bila samoni kuonekana, miti ikatwe, watu wauone mlima. Orrin alifariki Agosti. Lakini kwetu, azimio likishapitishwa, kuling'oa ni kazi kuliko kung'oa mti.

Ndipo Marlys akaenda ng'ambo ya mlima, kwenye kituo cha kuzalishia samaki, ambako wakazi hupewa mizoga bure wakarutubishe vijito vyao. Aliomba mmoja.

Siku ya ukaguzi wakazi wote walikuja na mabuti na makoti ya mvua, mwenyekiti Dwight akiwa mbele.

"Tutazame vizuri," alisema. "Asije mtu akasema tumemwonea marehemu."

"Huyu hapa!" Bernadine alipiga kelele kabla hawajafika majini. Samoni alikuwa amelala nyasini, juu kabisa ya ukingo.

"Huku kapandaje?" aliuliza mzee Lyle.

"Samoni huruka, Lyle. Shule ulikwenda kula?" Bernadine alimjibu.

Mwingine alikuwa chini ya daraja. Kwenye kona walikuta rundo zima. Marlys aliwahesabu upya. Yeye alitupa mmoja tu.

Lyle alimgonga mmoja kwa fimbo. "Jamani, huyu mbona mgumu kama jiwe? Ana barafu!"

"Ndiyo faida ya kivuli," Dwight alidakia. "Maji yamepoa kweli kweli."

Hakuna aliyecheka. Mikono yote ilinyooshwa: miti ibaki. Dwight alivua kofia mvuani.

"Shemeji," alimwambia Marlys, "mumeo alituzidi akili."

Marlys alilia palepale, kwa furaha na kwa aibu. Kumbe samaki wa Orrin walikuwa njiani wenyewe, naye, mkewe, hakumwamini.

Jumatatu alirudi kituoni kuwaarifu kwamba Kijito cha Tansy hakihitaji mizoga tena. Samoni wamerudi.

Mhudumu wa zamu alishusha pumzi.

"Afadhali, mama, maana nimebaki na vichwa tu. Kijiji chenu kizima kimepita hapa, mwenyekiti kaja na gari mara mbili. Na kila mmoja kaniapisha mjane asijue."