Toroli la Vichanga

Kila asubuhi toroli lilipita wodi ya wazazi, likiwakusanya vichanga na kuwapeleka chumba cha sindano. Walirudi wakilia, pamba imebandikwa pajani, na hakuna mama aliyeuliza kitu.

Leo kitanda cha kwanza kilikuwa cha Mwanakombo. Alimkumbatia mwanawe, akamfunika miguu kwa kanga.

“Unampeleka kufanywa nini, sista?”

Sista Felista alisimama. “Kuchomwa sindano, mama. Wote wanachomwa.”

“Sindano ya nini?”

“Hee! Mbona wenzako hawana maneno mengi?”

“Wenzangu hawakumzaa huyu.”

Kicheko kilipita vitandani. Sista alilitazama toroli, akaitazama miguu iliyofichwa kangani. Kisha akavuta stuli, akaketi. Alieleza kwamba mtoto huzaliwa na upungufu wa vitamini inayogandisha damu. Asipopewa, anaweza kuvuja damu hata kichwani. Paja litavimba kidogo, kisha litapona.

“Na nikikataa je?”

“Nitakusihi ukubali. Lakini siwezi kumchoma bila wewe.”

Mwanakombo aliushika ule mguu mdogo kiganjani. Kisha akaifunua kanga mwenyewe.

“Mchome. Hapa hapa, mikononi mwangu.”

Sista alikwenda kuleta sindano, akamchoma pale pale. Mtoto alilia kwa sauti iliyojaza wodi, na mama yake akacheka huku machozi yanamtoka.

“Sista,” aliita mama wa kitanda cha pili, akimvuta mwanawe kifuani. “Na mimi nieleze.”

Toroli lilibaki mlangoni, tupu. Stuli ikaanza kuburutwa, kitanda hadi kitanda.