Mabua ya Mtama

Limi alimpakata mbwa wake, panga kalificha chini ya kaniki. Bwana mifugo wa kwanza alisema mguu uliovunjika ukatwe. Wa pili aliyacheka mabua ya mtama ambayo Limi aliufungia, akaagiza bunduki ya kummaliza mbwa.

Huyu wa tatu, mgeni hapa Kishapu, alipiga magoti vumbini. Akanusa dawa ya majani iliyopakwa mguuni. Akabonyeza kidole kimoja kimoja cha mbwa, kisha akachomoa kisu mfukoni.

Limi akakamata mpini wa panga.

“Mfupa unaunga, mama,” akasema bwana mifugo. “Tubadilishe mabua tu.” Akamgeuzia Limi mpini wa kisu. “Kamba umefunga wewe. Kata wewe, mimi nitamshika.”

Limi akanyoosha mkono kukipokea. Panga likaanguka katikati yao.